Mraba wa Chelewa

Katika mambo yangu yote ya darasa la saba, mwanangu, lipo moja ninalolikumbuka kuliko mengine, nalo lilianza na ufagio. Bi Salma, mwalimu wetu wa hisabati pale Bagamoyo, alinitaka nieleze mraba ni nini. Nikajibu kwa maringo, "Ni umbo lenye pande nne zilizo sawa." Wenzangu wakanipigia makofi. Yeye akachomoa njiti za chelewa kwenye ufagio, akakata nne sawasawa, akazifunga ncha kwa uzi. Ukawa mraba mzuri. Kisha akausukuma kwa kidole, ukalala upande.

"Pande zimebadilika?"

"Hapana, mwalimu."

"Bado ni mraba?"

Nikaziangalia pembe: mbili zimebanwa, mbili zimepanuka.

"Maana ya neno ni njia ya kwenda na kurudi," akasema. "Kila mraba una pande nne sawa, kweli. Haya, rudi: kila chenye pande nne sawa ni mraba? Ukishindwa kurudi, hujaeleza kitu." Akaniandikisha: umbo la pande nne ni mraba iwapo, na iwapo tu, pande zake zote ni sawa na kila pembe yake ina nyuzi tisini. Hayo maneno "na iwapo tu" niliyaona madoido. Ujana una haraka zake.

Mtihani wa mwisho ulipokaribia, nikaanza kutapika asubuhi. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alinikuta nimeinama uani, akaenda moja kwa moja kwa mdogo wake.

"Mwenye mimba hutapika. Na huyu katapika jana, katapika na leo. Lisemwalo lipo, kama halipo, laja."

Baba hakuniuliza neno. Alisema shule basi, nitafutiwe mume kabla aibu haijatoka nje. Nililia mpaka sauti ikanikauka, maana sikuwa nimeguswa na mwanamume yeyote. Hukumu ya mtu umpendaye inauma, mwanangu, asikudanganye mtu.

Nikauendea ufagio. Nikafunga njiti nne, nikaziweka mkekani mbele ya baba, nikamwonyesha kama nilivyoonyeshwa.

"Baba, mwenye mimba hutapika, sikatai. Je, kila anayetapika ana mimba?"

Alizitazama njiti zile, akazisukuma mwenyewe kwa kidole. Kisha akamgeukia shangazi, mwanamke mwenye wajukuu.

"Dada, ulipotapika kwa kula pweza, Idi ya Mfunguo Mosi, mimba ilikuwa ya nani?"

Shangazi akajifunika uso kwa kanga. Baba akanipeleka hospitali, nikakutwa na malaria. Wakati wa kurudi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nikiwa mdogo, akasema, "Nisamehe, mama." Mtihani niliufanya.

Basi shika hili. Mwizi hukimbia, lakini si kila akimbiaye ni mwizi. Mchamungu hunyamaza, na wapo wanyamazao kwa hila. Hata methali za wahenga, ambazo nazipenda, si zote zinazorudi. Kabla hujampa mtu jina, irudie njia uliyoijia. Ikikukatalia, funga mdomo, kisha uliza. Kuuliza si ujinga.

Mola akujaalie ulimi usioyatangulia macho. Na siku utakaposingiziwa, maana itafika, akupe mtu wa kuzitazama njiti zako.