Nilimnyima Njia Ukutani, Sasa Naogelea Peke Yangu

Nilikosea, jamani. Sina wa kumsingizia. Nilimkosea mtoto wa watu mchana kweupe, watu wamejaa, na hakuna aliyenishuku. Jina langu naomba lisitajwe, maana hapa Lushoto nikitoka nyumbani mpaka msikitini naamkiwa njia nzima.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Kwetu ni Pangani, huku milimani nililetwa na kazi, nikazeekea huku. Mke wangu alifariki. Watoto wako Dar na mambo yao, wananipigia simu sikukuu. Nyumba ni kubwa, lakini chumba ninachotumia ni kimoja, vingine nafungua tu nipitishe hewa.

Magoti yalipoanza kunisumbua, daktari akaniambia nitafute zoezi la majini. Kuna nyumba ya wageni huku juu ina bwawa, asubuhi wanaturuhusu wenyeji. Loo, yale maji! Mwezi wa saba yanaingia mpaka kwenye mifupa. Huko ndiko nilikokutana tena na Naomi. Si jina lake, nimempa tu.

Naomi nilimfundisha darasa la kwanza, hata kushika penseli nilimshikisha mimi. Kwao ni Lukozi, wanalima kabichi na karoti. Siku hizi naye ni mwalimu, ila wa kujitolea, ajira anaisubiri mpaka amechoka. Kuogelea alijifunza chuoni, na anaogelea hasa! Siku ya kwanza aliponikuta nimetoa kichwa nje ya maji, nahangaika, alicheka mpaka akakaa chini.

"Shikamoo, Mwalimu. Ndivyo mnavyoogelea huko Pangani? Kama bata anayeogopa kulowa!"

Angekuwa mwingine ningemtolea macho. Yeye nilicheka naye, na nilikuwa sijacheka siku nyingi.

Akaanza kunifundisha. Kuweka uso majini, kutoa pumzi taratibu, kugeuka ukutani bila kupoteza mwendo. Muda si muda akaacha kuniita Mwalimu, akaniita baba. Akishaniamkia shikamoo anaongeza na Kishambaa chao, "Onga makeo, baba!" Nami namjibu kwa Kishambaa changu cha kuvunjika, anacheka tena. Msimu wa matunda ya fyulisi ananijazia mfuko. Mtu mwenye watu wake hawezi kuelewa, lakini mimi nilikuwa naamka asubuhi kwa sababu hiyo tu, kwamba kuna mtu akinikosa bwawani atauliza.

Ndipo ile nyumba ya wageni ikaandaa triathloni. Unaogelea bwawani, unapanda baiskeli mpaka Soni na kurudi, unamalizia kwa kukimbia mjini. Mwanamke wa kwanza angelipiwa akasomee ukocha wa kuogelea Arusha. Naomi akawa hawazi kingine.

"Baba, hii nikiipata, nimeachana na kusubiri ajira," aliniambia.

Mimi nilijiandikisha kwa furaha tu, nipige picha niwatumie watoto.

Bwawa lenyewe dogo, kwa hiyo mnaanza mmoja mmoja, mnafuatana. Mnakwenda kwa upande mmoja wa njia, mnarudi kwa upande wa pili. Kumpita mtu katikati ni marufuku, utagongana na anayerudi. Ukimfikia aliye mbele yako unamgusa kisigino. Naye akifika ukutani hageuki kwanza, anasogea pembeni, anakupisha, kisha anaendelea na safari yake. Basi. Hakuna ugomvi wala aibu.

Sasa sikieni tulivyofanya sisi! Wenye kasi ndio wanaotakiwa kutangulia. Lakini mstari ulipopangwa, nani angesimama mbele yangu? Nusu yao wamepita mikononi mwangu.

"Mwalimu, pita."

"Tangulia, mzee wetu."

Nikasogezwa mbele hivyo hivyo, kama tunaingia kwenye chakula cha harusi. Hata Naomi akanipisha. Alijua fika kwamba mimi ni wa polepole, lakini angeanzaje kumwambia mzee akae nyuma mbele za watu? Aliinama tu akaninong'oneza, "Baba, nikikugusa kisigino, ukutani unisubiri nipite, eh?"

"Bila shaka, mwanangu."

Bila shaka! Kweli ulimi hauna mfupa.

Nikaingia majini. Watu ukingoni wakaanza, "Mwalimu! Mwalimu!" Nikavimba kichwa. Tangu nistaafu hakuna aliyewahi kunishangilia, na hata siku ya kuniaga walipiga makofi ya adabu wakawahi pilau. Nikawa navuta maji kwa raha zangu, mara nikahisi kisigino kimeguswa, kidogo tu, kwa ncha za vidole.

Nikafika ukutani. Pale pale nilitakiwa nisimame. Lakini nikamsikia mtu anasema huku anacheka, "Mwalimu kakamatwa na mwanafunzi!" Nikageuka haraka, nikajisukuma, nikaenda zangu.

Akanigusa tena. Safari hii alinishika hasa. Moyoni nikasema, mtoto anayeniamkia shikamoo ndiye wa kunigonga kisigino mbele ya kadamnasi? Nikapiga miguu ili maji yamrukie usoni. Makusudi! Wallahi, makusudi. Kwenye ukuta uliofuata nilimwona kabisa, anahema, ameinua mkono kuniomba njia. Nikageuka tena.

Alivumilia akavumilia, mwishowe akatoka katikati ili anipite. Akagongana uso kwa uso na kijana aliyekuwa anarudi. Nilipoinua kichwa nikamwona ameshika kamba ya njia, anakohoa, damu inamtoka puani. Nami, astaghfirullah, nikaendelea kuogelea.

Mtoto wa Kishambaa huyo hakukata tamaa! Alipanda baiskeli na damu yake kwenye fulana, akashuka Soni, akaupanda mlima ule wa kurudi, akakimbia, akafika wa kwanza kwa wanawake. Mimi magoti yalinikatalia kwenye baiskeli, kwa hiyo nilikuwa nimeshakaa na kikombe cha chai nikamwona anavyofika. Mama yake alikuwa anarukaruka na vigelegele, mtandio umeanguka chini hana habari.

Kisha akaja mwamuzi, kijana mgeni, mpole. Akasema kumpita mtu katikati na kumgonga mwingine ni kosa, kwa hiyo Naomi atashushwa nafasi. Ila Naomi amedai kwamba alimgusa aliye mbele yake zaidi ya mara moja akanyimwa njia, na ikiwa ni kweli basi kosa si lake.

"Shikamoo, mzee. Ulikuwa mbele yake. Alikugusa?"

Watu wote wakanigeukia. Wanafunzi wangu, wazazi wao, imamu, mchungaji wa kina Naomi. Neno lenyewe lilikuwa fupi tu, "alinigusa", na mtoto angekwenda Arusha.

Nikasema, "Sikusikia kitu."

Nilitamani apinge. Angepiga kelele, angeniita mwongo, pengine ningetetereka nikasema kweli. Alinitazama kidogo tu, akashusha macho.

"Kama Mwalimu anasema hakusikia, basi labda sikugusa vizuri."

Aliniita Mwalimu. Nililisikia neno hilo lilivyonichoma, nikanywa chai.

Nafasi akapewa binti aliyetoka Korogwe. Naomi akajifunga kanga, akamshika mama yake mkono, wakaondoka bila kusubiri chakula.

Nilikwenda Lukozi kuomba radhi, msidhani sikwenda. Mama yake akanifutia kiti, akachinja jogoo, akaita majirani waje kumsalimu mwalimu aliyemfundisha binti yake kusoma. Naomi akaninawisha mikono, ameinamisha kichwa. Jamani, ningeanzia wapi? Nikala. Nikasifia mchuzi. Nikaaga, na juu ya hayo nikafungiwa karoti, nikapanda bodaboda nikilia njia nzima mpaka dereva akaniuliza kama nimefiwa.

Juzi nilijikaza nikampigia mwamuzi, nikamwambia ukweli wote. Akasema binti wa Korogwe ameshaanza masomo na hakuna la kubadilisha. Akanishukuru! Bora angenitukana.

Naomi yuko pale pale shuleni, bado anajitolea. Bwawani sasa anakwenda jioni, mimi asubuhi. Tukikutana sokoni anasimama, anapiga goti kidogo, "Shikamoo, Mwalimu." Naitikia marahaba, anapita. Heshima niliyoipigania kwa mateke ndani ya maji ananipa yote, hajaipunguza hata kidogo. Onga makeo sijaisikia tena. Msimu wa fyulisi umepita na nilinunua mwenyewe, zikaozea mezani.

Miaka yote niliandika ubaoni "mwenye nguvu mpishe", watoto wakaisoma kwa sauti mpaka madirisha yakatikisika. Zamu yangu ilipofika, mimi mwalimu wao nikafeli.

Wazee wenzangu, na ninyi mnaoamkiwa kila kona, nawaomba. Mkisogezwa mbele kwa adabu, msidhani mnakwenda mbio kuliko waliowasogeza. Kijana akikugusa kisigino hajakuvunjia heshima, anakuomba njia. Simama, mpishe, hata wakicheka. Kicheko kitaisha siku hiyo hiyo.

Mimi sasa nina bwawa zima asubuhi, maji ya baridi na ukungu juu yake. Nikifika ukutani sigeuki. Nasogea pembeni, nasubiri kidogo, halafu naendelea, kwa sababu nyuma yangu hakuna mtu.