Mwaka Tuliomwogopa Waziri wa Kivuli

Saa tisa na dakika kumi alasiri, kila Jumapili, enzi zetu pale Saint-Gilles, mtaa wetu wa ughaibuni, hakuna aliyeruhusiwa kupita mbele ya televisheni. Nina hakika na saa hiyo kwa sababu niliiandika. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, euro zilikuwa bado mpya mifukoni, na mimi nilikuwa mtoto wa kuandika kila kitu: namba ya sehemu, nani alikaa wapi, nani alisema nini kumhusu nani. Wa rika langu watazikumbuka televisheni zile zenye mgongo mnene, zilizochukua dakika nzima kuwaka huku zikitoa harufu ya vumbi la moto.

Tulikaa ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyogawanywa, karibu sana na stesheni ya Gare du Midi, hata treni ikipita glasi zilitetemeka kabatini. Maman alifanya kazi Jumapili kwenye nyumba ya wazee, hivyo papa ndiye aliyepika sombe, majani ya muhogo, na alizidisha chumvi. Maman Odette, jirani wa chini, alipanda na kiti chake mwenyewe kwa sababu hakuviamini viti vya watu. Tonton Gaston, kaka wa maman, alikaa karibu na radiata ya kupasha chumba joto na hakuvua koti hata mwezi wa tano.

Tamthilia ilikuwa ya Waingereza, ya siasa. Faili limepotea wizarani, katibu muhtasi hajulikani alipo, na wanaume wenye makoti marefu wanatishana kwa sauti za upole. Chaneli ilikuwa ya Kiflama, yaani Kiholanzi cha huko, kwa hiyo sauti ilibaki Kiingereza na maandishi ya Kiholanzi yalipita chini. Sebuleni mle hakuna aliyejua Kiingereza, na Kiholanzi nilikijua mimi peke yangu. Papa alikuwa amenipeleka shule ya Kiflama wakati watoto wote wa parokia yetu walisoma kwa Kifaransa.

"Kazi ya huku iko ya muntu wa luga mbili," alisema papa.

"Unaharibu mutoto," alijibu Tonton Gaston. "Kiflama atasema na nani? Na wewe?"

Wakakubaliana kwamba wataamua mwisho wa mwaka kama nitabaki au nitahamishwa. Basi kila Jumapili nilisimama kando ya televisheni nikitafsiri, na kila sentensi ilikuwa mtihani. Papa hakutazama sana picha. Alimtazama Tonton akinisikiliza.

Katika sehemu ya kwanza alitokea mtu mrefu mwenye nywele za kijivu, na chini likapita neno moja refu, kivuli na waziri vimeunganishwa. Sikuwahi kulisikia. Nikasema nilichokiona.

"Ule ni ministre ya kivuli."

Tonton akaweka sahani chini. "Ya kivuli? Bon. Alors, ule njo mwenye kutawala. Premier ministre ni mutumishi yake tu."

"Hapana, Gaston," alisema Maman Odette. "Ule muntu alikufa zamani. Angalia vizuri. Hakuna muntu anamupatia mukono."

Tukaangalia. Kweli, hakuna aliyempa mkono. Kuanzia hapo sebule iligawanyika. Mtu yule akimhoji waziri mkuu bungeni, Tonton alicheka kwamba bosi anamchezea mtumishi wake. Akikaa peke yake garini, Maman Odette alifanya ishara ya msalaba. Sehemu ya tatu alikula mkate wa yai, na Tonton akaruka: "Maman Odette, mufu wako anakula!"

"Benye kufa nabo banakulaka. Wewe unajua nini? Haujakufa."

Mimi nilijua. Jumatatu iliyofuata sehemu ya kwanza nilikuwa nimefungua kamusi ya shule: mbunge wa upinzani, aliyepewa kazi ya kumfuatilia waziri wa serikali. Basi. Lakini Jumapili ya pili papa alikuwa amekwisha kuwaambia watu kanisani jinsi binti yake anavyotafsiri siasa za Uingereza. Nikanyamaza. Kuanzia wiki hiyo sikutulia. Nilipanda na kushuka ngazi bila sababu, nilitafuna penseli mpaka kwenye risasi, na usiku miguu yangu ilitembea yenyewe chini ya blanketi.

Jumapili ya tano Neema akabisha hodi. Alikuwa Mtanzania, mwanafunzi aliyejua Kiingereza na Kiholanzi, aliyepanga chumba cha juu, na alikuja kuazima pasi. Maman Odette akamvuta aje kumwona mfu.

Neema alisikiliza dakika tano, kisha akacheka mpaka akashika mlango. "Jamani! Waziri kivuli ni mbunge wa upinzani tu. Hata bungeni kwetu wapo. Wanakula, wanaumwa mafua, wanakosa kura."

Hakuna aliyecheka naye. Tonton Gaston akasimama. "Donc, dimanche tano mutoto anatudanganya? Beau-frère, mi nilikuambia. Mupeleke ku école ya Français, kesho asubuyi."

Papa akaniangalia, halafu akamwangalia Tonton. "Neno alisoma sawa. Kivuli ni kivuli. Siye wakubwa njo tuliongeza kifo. Mutoto anabakia kule."

Baadaye jikoni, yeye akiosha sahani na mimi nikifuta, aliniuliza bila kugeuka: "Ulijua?"

"Ndiyo, papa."

"Tangu lini?"

"Kabla ya dimanche ya pili."

Akanipa sahani nyingine. "Tonton yako asisikie hii," alisema.

Sehemu ya sita alitafsiri Neema, kwa usahihi kabisa. Maman Odette alisinzia. Tonton aliondoka kabla ya mwisho. Mimi nilibaki shule ile mpaka nikaimaliza, na mengine yote niliyoyajua baadaye nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi. Lakini papa hakunipa tena kitu cha kumsomea. Barua za Kiholanzi nilizokuwa nikimsomea, za manispaa, za bima, hata karatasi ya dawa, alizipandisha kwa Neema, na Neema alipohama akazipeleka kwa padri.

Vijana wa sasa wanaisoma tamthilia kabla ya kuitazama. Binti yangu hufungua kwanza maoni ya watu elfu asiowajua, akishajua nani ni muuaji na imepewa nyota ngapi, ndipo anavaa visikilizi na kutazama peke yake, kwa maandishi ya lugha yoyote aitakayo. Hakosei kamwe. Humwoni akibishana na mtu wala akihamisha kiti. Mimi nikitazama naye husimama mara tatu, nikafungue dirisha, nikalifunge.

Papa sasa anakaa Berchem-Sainte-Agathe, upande mwingine wa mji. Barua ya Kiholanzi ikifika, anaipiga picha na simu inamsomea kwa Kifaransa. Mwezi uliopita nilimkuta nayo mezani. Simu ilimwambia kwamba manispaa inamwalika kuzikwa Alhamisi, kumbe barua ilisema siku hiyo watafukua bomba la maji mbele ya nyumba. Nilinyoosha mkono nimsomee. Hakuuona. Alicheka mpaka machozi, akaifuta simu kwa shati lake, akaielekeza tena kwenye karatasi ile ile.