Sandwichi za samaki nilizompikia baba mkwe miaka saba bila kumwona usoni

Wakuu, natumaini mko salama huko mliko. Huku Tukuyu mvua haijakata tangu asubuhi, nimekaa jikoni kwangu Bulyaga, sufuria liko motoni, nikaona niwasimulie hili. Sijatunga kitu, na wa Rungwe humu watanielewa haraka.

Mimi kwetu Kondoa, mume wangu ni Mnyakyusa. Nilipoolewa tu, wifi alinikalisha chini akanipa mwiko mmoja: mke wa mtoto hakutani na baba mkwe. Humtazami, humsalimii, hamli pamoja. Ukimwona njiani unapisha pembeni.

Vijana wengi siku hizi hawafuati. Ila mzee wetu alikuwa wa zamani, tena mgane, na nyumba yake ipo hatua ishirini tu kutoka mlango wangu wa jikoni.

Basi nikawa napika mimi, anapeleka wifi, hadi binti yangu Atupele alipoweza kubeba sahani.

Jumapili ilikuwa siku ya sandwichi za samaki wa kuoka. Wenye oveni za umeme msinicheke, mimi natumia sufuria kubwa, mchanga chini, makaa juu ya mfuniko.

Samaki ni mbasa wa Kyela. Ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, pilipili kidogo. Namfunga kwenye jani la mgomba nililolibabua motoni ili lisipasuke, namwacha hadi harufu ijae uani. Mayonezi siweki, naponda parachichi na ndimu. Nyanya, kitunguu, mkate, kwisha.

Kazi ni miiba. Nilikuwa naichambua kwa vidole, narudia mara tatu. Mzee meno yalishapungua, na mwiba ukimkaba mimi ndiye niliye karibu, na siruhusiwi hata kumpiga mgongoni!

Sahani haikuwahi kurudi tupu. Leo ndizi mbivu mbili, wiki ijayo parachichi. Ndiyo ilikuwa asante yake.

Kuna siku simu ya mume wangu iliita akiwa anaoga, nikapokea. Nikasema haloo, kutazama jina kwenye kioo, kumbe ni mzee. Tukanyamaza wote, yeye anapumua, mimi napumua. Akakata. Nilicheka mpaka machozi, halafu jioni nikajikuta nalia kweli. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo sana. Nilikuwa na hamu ya kumwita mtu baba, na huyu yupo hatua ishirini.

Nikajifunza salamu yao kwa siri, "Mugonile, tata." Yaani shikamoo, baba. Nikawa naisema peke yangu nikichambua miiba.

Mwaka huu mzee akaanza kusumbuliwa na kifua. Jumapili moja Atupele alikuwa kwaya, nikaona chakula kitapoa, nikapeleka mwenyewe. Wifi alishanielekeza: unakohoa, unaweka kizingitini, unaondoka.

Nikakohoa.

Sauti ikatoka ndani, polepole. "Ingia, mwanangu. Mwiko nimeuondoa mimi mwenyewe. Ingia tule."

Wakuu, sikuvuka kizingiti. Miaka saba ya kupisha pembeni haitoki mwilini kwa neno moja. Kanga yangu ilikuwa imejaa masizi, mikono inanuka samaki. Nikajiambia Jumapili ijayo nitakuja nimevaa vizuri. Nikaweka sahani, nikarudi mbio. Hata salamu yangu sikuitoa.

Mchana Atupele akaleta sahani. Sandwichi moja imeliwa, nyingine ipo vilevile, imefunikwa kwa kipande cha jani.

"Mama, babu kasema hii ni yako. Alikuwa ameweka vigoda viwili."

Niliila nimesimama hapa hapa jikoni. Bado ningeweza kwenda. Sikwenda.

Alhamisi kifua kilimbana, wakampeleka hospitali. Hakurudi nyumbani.

Uso wake nilikuja kuuona siku ya kuaga mwili, nikiwa kwenye foleni na watu wengine. Mume wangu ana masikio kama yake kabisa, sikuwa najua.

Jumapili bado naoka. Bado nachambua miiba mara tatu, ingawa wanaokula sasa wana meno yote. Vigoda nimevihamishia kwangu, na sahani yake naiosha hata kama haijatumika. Namkumbuka mtu ambaye sikuwahi kuongea naye, sijui kama inawezekana lakini ndivyo ilivyo.

Nilichojifunza ni hiki: mkiambiwa ingia, ingieni na masizi yenu hivyo hivyo.

Waliowahi kuogopa mlango uliokuwa wazi waniambie waliishije baadaye, nitasoma zote. Na kama kuna Mnyakyusa humu, naomba anisaidie, mume wangu nashindwa kumuuliza. Mzee akisalimiwa "Mugonile, tata", huwa anajibu nini? Mimi jibu lake sikuwahi kulisikia.