Ndugu yangu alizika nyama ya tumbo langu kabla haijapimwa

Wakuu, salaam aleikum. Mimi mzee wa Msambweni. Shule niliiacha darasa la tatu, nikaanza kuchonga mawe ya kujengea kwa mikono hii, leo nina malori. Sina njaa ya kumdanganya mtu hapa.

Tumbo lilinisumbua hadi chakula kikawa hakipiti. Wakaniteremshia kamera kooni, wakadonoa vipande vidogo. Saratani, na imeshafika kwenye ini.

Nikapasuliwa ili njia ya chakula ifunguke.

Sasa sikieni. Pale nilipopasuliwa, nyama iliyokatwa hutiwa kwenye kopo lenye dawa, na jamaa wa mgonjwa huipeleka mwenyewe maabara Mombasa. Kopo akapewa mdogo wangu Salimu.

Siku ya kliniki daktari, binti mdogo tu, akaniamkia shikamoo, kisha akauliza, "Mzee, majibu ya ile nyama yako wapi?"

Nikamtazama Salimu. Salimu akatazama viatu vyake.

"Nimeizika, kaka. Kando ya kaburi la baba. Nimeiosha, nikaivika kitambaa cheupe. Kiungo cha Muislamu hakitupwi kama taka."

"Si ungelingoja unizike nayo mara moja!"

Daktari hakucheka.

Akatueleza kwamba kuna protini inaitwa HER2, hukaa juu ya seli za saratani ya tumbo. Wengine wanayo tele, wengine hawana. Ikiwa tele huusukuma uvimbe ukue, lakini ipo dawa ya kuilenga. Isipokuwepo, dawa hiyo haikusaidii kitu. Bila kupima, hawezi kubahatisha.

Salimu akauliza, "Nikaifukue?"

"Imeshaoza, baba. Haitwambii kitu tena."

Vilibaki vile vipande vya kamera, vimehifadhiwa kwenye nta. Vidogo kuliko punje za mchele, na vingine vimeshatumika. Visipotosha, kamera tena. Na kwa mwili niliokuwa nao, daktari mwenyewe alisita kunirudisha kwenye kamera.

Kungoja kule msikuombe. Nimefanya kazi chini ya jabali lenye ufa na nikala chakula changu pale pale, lakini simu ikilia nilikuwa naiacha iite mara tatu kabla ya kuishika. Salimu alikuja kila asubuhi, akakaa barazani.

Simu ya daktari ikaja. Vimetosha. Protini ipo, tena tele.

"Kwa hiyo nitapona, binti yangu?"

"Kupona sikuahidi, mzee. Nataraji utapata muda zaidi kuliko bila dawa hii."

Nikamwambia muda ndio niutakao, atie sindano. Sasa natundikiwa dripu, na Salimu ndiye anayenipeleka. Ananishika mkono kama bibi harusi, namwambia aniache.

Funzo langu: kustiri kiungo ni haki, simcheki mtu. Lakini kipimwe kwanza, kisha muombeni daktari mabaki mkazike. Na mwenye mwili aulize kwa kinywa chake: kopo limefika?

Dawa hii ya HER2 wanasema huugusa moyo, kwa hiyo wananipima moyo kila mara. Aliyeitumia au aliyeuguza mtu anayeitumia, aandike hapa chini alivyoiona. Wa kunipa pole tu apite, pole nimeshazipata za kutosha.