Ile sauti inayoitikia "Mbukwa" ni yangu

Jamani, sijaelewa. Tangu juzi naambiwa Eliwaza amefariki, najibu "ndiyo, nimesikia", halafu nashika simu nimpigie yeye mwenyewe nimuulize kama ni kweli.

Wengi mnamjua kwa wimbo mmoja, ule wa "Mbukwa", uliovuma miaka ya tisini redio za watu binafsi zilipoanza kuruhusiwa. Mimi nilimjua kabla ya wimbo. Tulikuwa wachapaji katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, mashine yake na yangu zimepakana.

Siku yangu ya kwanza kazini, nimetoka Tanga, Kigogo sijui hata neno moja, akanitazama akasema, "Mbukwa!" Nikamjibu kwa adabu zote, "Hapana dada, mimi naitwa Zuhura."

Alicheka mpaka supervisor akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini. Kumbe ananisalimia! Nilitakiwa nami kurudisha "Mbukwa", basi, yaishe.

Tangu siku hiyo kila asubuhi alinisalimia hivyo, na hagusi mashine mpaka niitikie. Hata siku zile tumenuniana. Hasa siku zile tumenuniana.

Saa ya chakula alitughania mashairi kantini. Hashiki karatasi. Anasema tu, kama anayeongea na mtu wa meza ya pili, sisi wali unapoa mbele yetu. Nilidhani ni utani wa kupitisha muda, hadi aliponipa barua nimchapie, akidai vidole vyake vinatetemeka. Ilikuwa barua ya kuacha kazi.

Ilikuwa miaka ile ya kupunguzwa kazini, watu wazima wanalia kwenye korido. Baba yake, mkulima wa Gulwe aliyetamba kijiji kizima kwamba binti yake ni mtu wa serikali, alimuuliza swali moja: "Wenzio wanalia kupunguzwa, wewe unajipunguza mwenyewe?"

Baada ya hapo mzee akaacha kuitikia salamu yake.

Eli anapanda treni mpaka Gulwe, anaingia uani, "Mbukwa, baba." Mzee ananoa jembe. Kesho yake tena, "Mbukwa, baba." Mzee anawaita kuku. Anarudi Dodoma macho yamevimba, ananiambia ni vumbi la njiani.

Ndipo akatunga lile shairi. Kila ubeti unaishia "Mbukwa, baba", kisha ananyamaza. Anasubiri kweli, jicho limeelekea mlangoni. Mara ya kwanza kulighani ukumbini, mama mmoja kule nyuma alishindwa kuvumilia, akaitikia yeye. Watu wakacheka, kisha wakalia.

Mwaka uliofuata akapata nafasi ya kurekodi. Nilimsindikiza. Studio yenyewe chumba kimoja, ukutani wameegemeza magodoro. Fundi akawasha kinanda chake, akasikiliza, akakunja uso: "Dada, redioni kimya hakipigwi. Watu watadhani mitambo imekatika."

Eli akanigeukia mimi. Mpaka leo naliona lile jicho. Nikasema, "Acha wajaze, Eli, ukikataa wimbo hautoki."

Wakajaza. Na wa kujaza nikawa mimi! Fundi alinisogeza kwenye kipaza sauti, nikaimba "Mbukwa eee, Mbukwa eee", kila mahali palipokuwa na kimya. Neno "baba" nalo likatolewa, eti linavunja mdundo.

Wimbo ukaruka. Harusini, sokoni, kwenye mabasi. Mtangazaji mmoja akauliza hewani, "Huyu Mbukwa ni kijana gani mwenye bahati hivi?" Eli akanipigia simu ofisini: "Zuhura, mnaodhani Mbukwa ni jina la mtu mmezidi kuwa wengi!" Alikuwa anacheka. Nadhani alikuwa anacheka.

Wiki chache baadaye mzee mmoja akaingia ofisini na kifuko cha karanga. Anamtafuta mwanamke anayeitikia redioni salamu alizopewa yeye na binti yake. Nikasimama, "Shikamoo mzee." Akajibu marahaba, akaweka karanga juu ya mashine, akaniambia taratibu, "Mwanangu, nilikuwa karibu kuitikia. Ukanitangulia." Akaondoka.

Sikujua nimesifiwa au nimegombezwa. Eli aliniambia Krismasi ile baba yake aliitikia hatimaye, kwa sauti ndogo, uso umegeukia ukutani. Nilimuuliza kama nilimsaidia au nilimharibia. Akasema, "Kula karanga zako." Miaka yote hii hilo ndilo jibu nililonalo.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Jumanne asubuhi Eli alinitumia ujumbe. Neno moja, "Mbukwa". Nikausoma. Nilikuwa naingia kwenye meeting, nikasema nitajibu nikitoka. Nikatoka, nikasahau. Jumatano binti yake akanipigia: presha, ghafla, hata hospitali hawakufika.

Nimewaitikia watu wa nchi nzima kwa niaba ya mzee wa watu. Eli mwenyewe aliponisalimia, nikanyamaza. Alisubiri? Aliangalia simu? Au alijua tu ni Zuhura na meeting zake? Sijui, naumia, na simuoni wa kumuuliza.

Kesho tunamzika Gulwe. Binti yake ameniuliza tupige kanda au nilighani shairi lenyewe. Nimemwambia nitalighani, pamoja na neno "baba". Mtakaokuja, nikifika pale pa kimya, tafadhali msinisaidie. Mwacheni Eli apate kimya chake.

Leo asubuhi nimeujibu ule ujumbe. Tiki ni moja tu, na bado naiangalia.

Mbukwa, Eli wangu. Mbukwa. Pumzika, mama, safari hii nitasubiri mimi.