Nimefunga Jani Kwenye Bustani ya Shemeji, na Silifungui

Mwenye ukurasa, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mzaliwa wa Mahajanga, asili yetu Ngazija. Kiswahili nimekirithi kwa baba, aliyekuwa akifanya biashara Unguja. Hapa kisiwani Nosy Be nilikoolewa tunazungumza Kimalagasi. Nina watoto na bustani ya mboga, na sasa nyumba nzima imeninunia kwa sababu ya jani moja la mgomba.

Anayelima anajua kwamba mchicha usiotiwa dawa ni karamu ya viwavi. Mama mkwe alinifundisha dawa ya kwao: unaloweka tumbaku, unachuja, unanyunyiza. Kuna watu husema dawa ya asili haina madhara. Waongo! Maji yale ni sumu, na mama mkwe alinionya tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana ukishanyunyiza unafunga jani bichi la mgomba kwenye kijiti mbele ya bustani, na bustani inakuwa fady, yaani mwiko. Huchumi kitu mpaka jani lile likauke kabisa. Tena lina sharti lake: aliyefunga ndiye afungue. Mwingine akiligusa, balaa amejitakia mwenyewe.

Tangu tupate uhuru, bwana wa kilimo hupita huku akigawa dawa ya kisasa, unga mweupe. Mimi siupingi. Mdogo wa mume wangu, ambaye bustani yake imepakana na yangu, aliuchukua, na mboga zake zikastawi hata mimi nikazionea wivu. Lakini bwana wa kilimo alisema mbele yetu sote, "Ukishaitia, usivune upesi. Subiri." Shemeji anaitia jioni, asubuhi anachuma.

Nikamuuliza, "Shemeji, mbona hufungi jani?"

Akacheka. "Jani la nini? Tumbaku yako inanuka mpaka barabarani. Hii hainuki kitu. Hii imetoka Ufaransa."

Kinachoniuma ni wanunuzi. Wakifika wakaona jani kwangu husema, "Kwa huyu kuna sumu," wakapita zao hadi kwa shemeji, kusiko na jani. Sote wawili tuna sumu, jamani! Mimi ninayesema ndiye ninayekimbiwa, na anayenyamaza anaitwa msafi.

Wiki hii mama mkwe aliwatupia bata wake mabua ya mchicha wa shemeji. Bata wakaanza kutetemeka shingo, wakafa pale pale uani. Nikamkimbilia shemeji, nikamkuta anajaza kikapu cha sokoni. Nikamwambia bata wamekufa.

"Bata hufa," akanijibu, akaendelea kuchuma.

Hasira zilinipanda. Nilikata jani la mgomba nikaenda kulifunga kwenye bustani yake, mchana kweupe, majirani wakitazama. Tangu hapo hakuna anayenunua kwake. Na yeye mwenyewe, kijana wa kisasa, anayesema jani ni upuuzi, anatukana kwa mbali tu. Kama ni upuuzi, mbona halifungui?

Mume wangu akaja juu. "Umemwaibisha ndugu yangu. Mboga zinamkomalia shambani. Kalifungue, au urudi kwa mama yako." Mama yangu anakaa Belobaka, nje kidogo ya Mahajanga.

Nilimtegemea mama mkwe. Nikamwambia, "Mama, si wewe uliyenifundisha?"

Akainamisha kichwa. "Nilikufundisha ulifunge kwako, mwanangu. Sikukufundisha ulifunge kwa mtoto wangu."

Maneno hayo yalinikata maini. Nilimjibu kwa adabu, lakini nilimjibu: "Mchicha ule unaliwa na watoto wa watu, mama." Aliokota manyoya ya bata wake, akaingia ndani.

Jana mume wangu alizikunja nguo zangu, akazifunga kwenye shuka, fundo juu ya fundo, akaziweka mlangoni. Anasema nipande boti ya kwenda Antsahampano, bandari ya ng'ambo, nishike njia ya Mahajanga, na watoto nimwachie. Watoto wangu! Yeye ndiye mume wangu na bado nampenda, siwezi kudanganya. Lakini jani lile bado bichi, na mimi silifungui mpaka likauke, hata waje wazee wa kisiwa kizima.

Basi ndugu zangu, msinishauri juu ya jani. Hilo nimeshaamua. Nishaurini juu ya ndoa: niondoke na heshima yangu nikaanze upya Belobaka, au nikae hapa hapa wanizoee? Nifanye nini? Kifurushi bado kipo mlangoni, nakiruka kila nikienda kumwagilia. Sijakigusa. Aliyefunga ndiye afungue.