Mita Mbili za Thelma Ogden

Thelma Ogden alikuwa na mdomo, na mimi jirani yake wa ng'ambo ya barabara nilikuwa naufurahia. Tulikuwa Halifax, Uingereza, katika baridi kali ya Januari, na nyumbani kwake alivaa blauzi ya mikono mifupi. Hita ziliwaka vyumba vyote, na bado bili yake ya umeme ilikuwa ndogo.

"Ni kujua kubana matumizi," alisema. "Mtazame Wilf huko juu. Anakaa na koti sebuleni! Bahili yule, hata jua angelikopesha kwa riba."

Nilicheka. Najuta, lakini nilicheka.

Wilf Barraclough aliishi ghorofa ya juu ya nyumba hiyo hiyo, mzee mpole ambaye mazungumzo yake yalikuwa salamu na hali ya hewa tu. Mita zao mbili za umeme zilikaa pamoja katika kabati chini ya ngazi, kila moja na karatasi ya jina aliyoibandika Harold, marehemu mume wa Thelma, siku walipohamia.

Mwezi huo Thelma alihamia kampuni nyingine ya umeme. Ile ya zamani ikadai haikupata namba za mita za siku ya mwisho, ikakadiria tu, kwa kulinganisha na nyumba kama yake. Bili ya kufunga hesabu ikaja: pauni mia tatu na tisini.

Thelma akapanda mori. Akaandika barua tatu, akapiga simu mpaka sauti ikakauka. "Wezi! Waje waone mita yangu kwa macho yao!"

Wakaja. Alikuja fundi mmoja, na Thelma akaniita niwe shahidi.

"Mama, zima swichi kubwa ya kwako," fundi alisema.

Akazima. Sote tukatazama mita yenye jina la Ogden. Ikaendelea kuzunguka taratibu. Ile ya Barraclough, iliyokuwa ikikimbia, ikasimama kimya.

Fundi akajikuna shingo. "Majina yamepishana, mama. Umeme wako alikuwa analipa yeye. Wewe ulikuwa unalipa wake."

"Tangu lini?"

"Tangu karatasi hizi zibandikwe."

Ilikuwa miaka tisa. Uso wa Thelma uliiva kwa aibu, na wangu pia, maana utani ule wote wa koti niliuchangia. Kampuni tuliyoiita mwizi ilikuwa imekisia karibu na ukweli kuliko sisi.

Hakungoja hata fundi aondoke. Akapanda ngazi, mimi nyuma yake, akagonga. Wilf alipofungua, Thelma alimwaga yote bila kupumua: mita, karatasi, miaka tisa, na kwamba atamlipa mpaka senti ya mwisho.

Wilf alimsikiliza, kisha akasema polepole, "Nilijua, Thelma. Mwaka ule wa kwanza nilizima kila kitu, nikaona mita yenye jina langu bado inakimbia."

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilishuka kukwambia. Nikakuta ndio umetoka kumzika Harold, na karatasi ni mwandiko wake. Sikupenda kukusumbua. Baadaye nikaona nimechelewa mno, ningeonekana mkorofi."

Thelma, mwenye mdomo ule niliousifu mtaa mzima, alikaa pale pale kwenye ngazi, akajifunika uso kwa viganja, akalia.